Kaunta ya mbao jikoni: kuiunganisha, kuiziba na kuifunga isipinde

Kaunta ya mbao ikiharibika, uharibifu kwa kawaida hauanzii juu pale unapokatia sukuma wiki. Huanzia chini, ambako hakuna aliyepaka chochote, na kwenye mdomo wa tundu la sinki, ambako msumeno umeacha nyuzi za mbao wazi. Maji na mvuke hupenya huko polepole, upande mmoja unavimba kuliko mwingine, kaunta inajikunja, viungo vinaachana, kisha mbao ndiyo inayolaumiwa. Kwa hiyo kazi yote iliyoelezwa hapa inazunguka mambo mawili: kila uso wa mbao uzibwe sawasawa, na kaunta ifungwe kwa namna inayoiachia nafasi ya kutanuka na kusinyaa. Ukikosea mojawapo, hata mvule wa bei kali hautakuokoa.

Mfano tunaotumia ni kaunta ya futi 8 (mita 2.44), upana milimita 600, unene milimita 38 baada ya kupigwa randa. Kabati la chini lina kina cha milimita 560, mlango wake una milimita 18, na nyuma ya kaunta tunaacha mwanya wa milimita 6 kutoka ukutani. Hesabu hiyo inaifanya kaunta itokeze mbele ya mlango kwa takriban milimita 28, kiasi cha kutosha maji yanayomwagika yadondoke sakafuni bila kuteremkia kwenye mlango. Kutoka sakafuni hadi juu ya kaunta iwe milimita 900. Anayepika zaidi akiwa mfupi, shusha hadi 850. Amua urefu huo kabla kabati halijajengwa, maana baadaye ni shida.

Mbao gani ununue

Nairobi mbao utazipata Gikomba, Industrial Area na kwa wauzaji wadogo mitaani. Mvule unaotoka Uganda na Kongo ndio bora kwa jikoni: una mafuta yake ya asili, unavumilia maji, na hautanuki sana majira yakibadilika. Una kasoro mbili za kujiandaa nazo. Vumbi lake huwasha macho, koo na ngozi, hivyo barakoa nzuri na mikono mirefu ni lazima. Pia baadhi ya mbao zake zina vijiwe vigumu vya chokaa ndani, ambavyo huharibu meno ya msumeno na visu vya mashine. Mwambie mwenye mashine mapema kwamba unaleta mvule. Mahogani ni laini kidogo, hupigwa randa kwa urahisi na hupendeza. Muuru, ambao wauza mbao huuita Meru Oak, unafaa vilevile ukiwa umekauka vizuri.

Grivelia, yaani mukima, ni chaguo la mtu mwenye bajeti ndogo. Inafaa, ila chagua ubao mmoja mmoja kwa sababu hupinda. Saiprasi ni rahisi kupatikana na kufanyia kazi, lakini ni laini: chupa ikianguka inaacha shimo. Ukiitumia, hakikisha si ile iliyotiwa dawa ya mchwa kwa ajili ya paa, kwa kuwa dawa hiyo haitakiwi mahali pa chakula. Mkaratusi uache. Ni mgumu na una nguvu, lakini unajikunja na kupasuka unapokauka kiasi kwamba hakuna gundi itakayoushika.

Unapochagua, inua ubao hadi usawa wa jicho uangalie urefu wake wote. Uliopinda kama upinde unaweza kunyooshwa kwa randa. Uliojisokota, yaani pembe moja imeinuka na nyingine imeshuka, urudishe. Angalia ncha: ukiona kile kitovu cha katikati ya gogo kiko ndani ya ubao, utapasuka hapo, hata kama leo ni mzima. Sehemu nyeupe ya pembeni iliyo karibu na gome ndiyo inayoliwa na fukusi, kwa hiyo usikubali ubao wenye weupe mpana. Vitundu vidogo vyenye unga mweupe ni dalili kwamba wadudu wako ndani tayari.

Nunua mbao za inchi sita kwa mbili, vipande 5 vya futi 9 kila kimoja. Hizo ni futi 45. Kwa nini futi 9 wakati kaunta ni futi 8? Mashine ya randa huuma ncha za ubao kwa milimita kadhaa za kina, na utahitaji kukata kila upande ili kaunta iwe na ncha safi. Kila ubao utapasuliwa katikati kwa urefu, upate vibao 10. Inchi 6 ni milimita 150; toa njia ya msumeno na kile kitakachopotea kwenye kunyoosha mbavu, kila kibao kitabaki na milimita 68 hivi. Vibao 9 vinakupa milimita 612, na cha kumi ni akiba ya kile kitakachokuangusha. Wengine hupenda vibao vipana vya inchi 6 nzima kwa sababu viungo ni vichache. Sisi tunasisitiza vibao vyembamba: kibao cha milimita 68 hata kikijikunja, hujikunja kidogo mno usikione, lakini kile cha 150 utakihisi kwa kiganja.

Mbao “kavu” na mbao kavu

Neno la muuzaji kwamba mbao ni kavu halitoshi. Kwa matumizi ya ndani ya nyumba Nairobi, lenga unyevu wa asilimia 12 au karibu hapo. Kama fundi unayemjua ana kipimo cha unyevu, mwombe. Kama hana, oveni na mizani ya jikoni vinatosha, ilimradi mizani isome gramu moja moja.

Kata kipande cha unene wa milimita 25 kutoka angalau sentimita 30 ndani ya ubao, si kwenye ncha, maana ncha hukauka mapema na itakudanganya. Kipime uzito papo hapo. Kiweke kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi 105 za Selsiasi, ukipime kila baada ya saa chache hadi uzito uache kushuka. Kwa kawaida ni siku nzima. Tuseme kilianza na gramu 168 kikaishia 146. Tofauti ni 22. Gawanya kwa 146, ule uzito mkavu, kisha zidisha kwa 100. Unyevu ni asilimia 15.

Ukipata zaidi ya asilimia 18, hiyo bado ni mbao mbichi kwa kazi hii. Mbao ya inchi 2 inachukua miezi mingi kukauka kwa hewa, kwa hiyo ni afadhali utafute nyingine. Kati ya 13 na 16, pasua vibao kwanza, kisha vipange ndani ya nyumba utakamofunga kaunta, ukitenganisha kila safu kwa vijiti vya inchi 1 vilivyo umbali wa sentimita 40, na kitu kizito juu. Viache wiki nne hadi sita. Usivipange kwenye balkoni wala chini ya mabati, kwa kuwa jua la mchana huvipasua ncha.

Majira nayo yana uzito wake. Kaunta iliyofungwa Januari au Februari, wakati wa kiangazi, itavimba mvua za Machi hadi Mei zikiingia. Iliyofungwa Mei itasinyaa kiangazi kijacho. Kwa upana wa milimita 600 tegemea milimita 3 kwa mvule na hadi 6 kwa mbao nyingine. Kwa urefu haibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Ndiyo sababu mwanya muhimu ni ule wa nyuma, na ndiyo sababu hakuna kaunta ya mbao inayogundishwa moja kwa moja kwenye kabati.

Kuunganisha vibao

Peleka vibao kwenye karakana yenye mashine ya kunyooshea ubavu na mashine ya randa ya unene. Agiza uso mmoja unyooshwe kwanza, kisha ubavu mmoja uwe mraba kwa uso huo, ndipo unene upunguzwe hadi milimita 42. Hizo 4 za ziada zitaondoka baada ya gundi. Fundi akianza moja kwa moja na mashine ya unene bila kunyoosha uso, kibao kilichopinda kitatoka kimepinda, ila chembamba zaidi.

Vilaze vibao vyote 9 mezani, uchague nyuso nzuri zitazame juu, na nyuzi zote zielekee upande mmoja ili randa isije ikachimba baadaye. Mafundo yapeleke nyuma, karibu na ukuta. Ukiridhika, chora pembetatu moja kubwa kwa penseli inayopita juu ya vibao vyote. Hiyo itakuonyesha mara moja kibao kilichogeuzwa au kuhamishwa wakati mikono imejaa gundi na muda unakimbia.

Jaribu kila kiungo bila gundi. Simamisha kibao kimoja juu ya kingine, weka taa nyuma. Mwanga ukipenya kwenye ncha, rudia, kwa kuwa ncha ndizo hufunguka kwanza zinapokauka. Mwanya mdogo katikati, chini ya nusu milimita, ni sawa na hata unasaidia: klempu itaubana na ncha zitakazwa zaidi.

Gundi iwe nyeupe ya mbao ya daraja la D3 au, bora zaidi, D4. Alama hiyo huandikwa kwenye mkebe na maana yake ni uwezo wa kustahimili maji. Gundi nyeupe ya kawaida isiyo na alama hulainika ikiloweshwa mara kwa mara, na jikoni italoweshwa. Viungo 8 vya mita 2.7 vinahitaji takriban gramu 200, kwa hiyo mkebe wa nusu kilo unatosha na kubaki.

Usiunganishe vibao vyote 9 kwa mpigo. Gundi inaanza kushika baada ya dakika 5 hadi 10, mapema zaidi mchana wa joto, na watu wawili hawatamaliza viungo vinane kwa muda huo. Unganisha vitatu vitatu, upate paneli tatu za upana wa milimita 204. Kuna faida nyingine: paneli hizo bado zinaingia kwenye mashine nyingi za randa za mitaani, kwa hiyo zinanyooshwa kwa mashine hadi milimita 39, kisha unabaki na viungo viwili tu vya mwisho vya kusawazisha kwa mkono. Mtu akiunganisha paneli nzima ya 600 bila kuwa na mashine pana, anajitafutia siku mbili za randa ya mkono.

Paka gundi nyembamba iliyofunika ubavu wote, bandika, sugua mbele na nyuma kidogo hadi ihisi kukamata, kisha bana. Klempu ziwe kila sentimita 35 hadi 40, moja chini, inayofuata juu, ili paneli isijikunje kuelekea upande mmoja. Kaza hadi gundi ichomoze kwenye mstari mzima wa kiungo kwa matone madogo yaliyopangana kama shanga. Isipotoka mahali fulani, hapo gundi haikutosha au kiungo hakikugusana. Ikimwagika na kutiririka, umepaka nyingi. Na ukikaza kupita kiasi utaifinya yote nje na kiungo kitabaki kikavu. Weka kipande cha karatasi ya plastiki kati ya chuma cha klempu na mbao, kwa sababu gundi mbichi ikigusa chuma inaacha doa jeusi linaloingia ndani.

Kama klempu ndefu hazipatikani, tengeneza fremu: mbao mbili ngumu chini zenye kizuizi kilichofungwa kila mwisho kwa skrubu, paneli ikae kati ya vizuizi, kisha gonga kabari mbili zinazotazamana kila fremu. Fremu saba za namna hiyo kwa urefu wa futi 9 hubana vizuri. Laza mbao nyingine juu na uifunge kwa kamba ili paneli isiruke juu.

Gundi iliyochomoza usiifute kwa kitambaa chenye maji. Maji huisukuma ndani ya vitundu vya mbao, na mahali hapo patabaki pameparara chini ya vanishi. Subiri nusu saa hadi iwe kama mpira, uikwangue kwa patasi pana. Acha usiku kucha kabla ya kufungua. Msimu wa baridi wa Juni hadi Agosti, fanya kazi hii asubuhi jua likishapanda ili gundi ishike kabla ya baridi ya usiku.

Paneli tatu zikishaungana, sawazisha viungo viwili kwa randa ya mkono, kwanza kwa mshazari kisha kwa kufuata nyuzi. Malizia kwa msasa namba 80, 120, halafu 180. Pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, acha vinyweleo visimame na kukauka, kisha rudia namba 180 kwa mkono mwepesi. Chini ya kaunta namba 120 inatosha, lakini usiache alama za msumeno, kwa kuwa vanishi haitafunika vizuri.

Kukata, ukuta na tundu la sinki

Kabla ya kukata urefu, pima ukuta wa jikoni mahali patatu: nyuma, katikati na mbele. Kuta za mawe zilizopigwa plasta huwa zimevimba kwenye pembe, na tofauti ya milimita 10 si ajabu. Kata kwa kipimo kirefu zaidi, kisha fuatisha ukuta: weka kaunta juu ya kabati ikigusa ukuta, chukua kipande cha mbao chenye unene sawa na mwanya mkubwa unaouona, kiburute ukutani huku penseli iliyobanwa upande wake ikichora juu ya kaunta. Mstari huo ndio umbo la ukuta. Kata nje ya mstari, malizia kwa randa.

Kata pia mfereji wa matone chini ya ukingo wa mbele: upana milimita 5, kina milimita 5, umbali wa milimita 15 kutoka ukingoni. Ni kazi ya dakika chache kwa ruta (mashine ya mkono ya kuchimba mifereji kwenye mbao) au kwa msumeno wa mviringo ulioshushwa kidogo, na ndio unaozuia maji kurudi chini ya kaunta hadi kwenye kabati. Watu wengi huuruka. Usiuruke. Kingo za juu zivunjwe ukali kwa mzingo wa milimita 3. Ukingo mkali haushiki vanishi, unachakaa haraka na kuachia maji njia.

Kwa kaunta ya mbao, nunua sinki inayokaa juu yenye mdomo unaofunika mbao. Zile zinazofungwa kutoka chini huacha ukingo wa mbao wazi juu ya maji kila siku, na hakuna vanishi inayodumu hapo. Sinki ya milimita 1000 kwa 500 ni ya kawaida madukani. Tundu lake liwe 980 kwa 480 isipokuwa karatasi ya mtengenezaji iseme vingine. Kwa kaunta ya 600, hiyo inakubakishia milimita 60 mbele na 60 nyuma. Chini ya milimita 50 usithubutu. Kama bado hujaweka mabomba, bomba la ukutani ni bora kuliko la kutoboa kaunta: shina la bomba huvuja taratibu, na tundu lake dogo ndilo linalosahaulika kuzibwa.

Toboa shimo la milimita 12 kwenye kila pembe ya mchoro, ndani ya mstari, kisha unganisha kwa jigso. Kabla hujamaliza upande wa mwisho, funga ufito wa mbao juu ya tundu kwa skrubu, uingie kwenye kile kipande kinachotoka na ulale pande zote mbili. Bila hivyo kipande kitaanguka ghafla na kuchana pembe. Tangu hapo kaunta ni dhaifu mbele ya sinki. Ina kilo 25 hivi. Ibebwe na watu wawili ikiwa imesimama kwa ubavu, kamwe isibebwe ikiwa imelala. Kwa nyumba ya ghorofa, pima kona ya ngazi kabla hata hujanunua mbao.

Kaunta ya umbo la L ifanye kwa vipande viwili vinavyokutana kwa mraba, visikutane kwa pembe ya nyuzi 45. Vifunge kutoka chini kwa boliti tatu za kuunganishia, tia silikoni kwenye kiungo, usitie gundi, na uhakikishe kiungo hakipo karibu na sinki.

Kupaka

Mafundi wengi wa samani Nairobi watakushauri kupuliza sila na laka ya kukauka haraka. Inang'aa na inakauka kwa dakika, na kwa kabati la nguo ni sawa. Kwa kaunta haifai: sufuria ya moto inaipausha, maji yaliyosimama yanaiinua. Omba vanishi ya polyurethane ya mafuta, isiyo na rangi, lita 2. Uso wote wa juu, wa chini na kingo ni kama mita 3.2 za mraba, na mikono minne, yaani kupaka mara nne, itatumia takriban lita moja na nusu.

Mkono wa kwanza changanya nusu kwa nusu na tapentaini ili uzame ndani ya nyuzi. Tapentaini, si thina ya laka. Zote mbili huuzwa kwenye chupa zinazofanana, na thina itaifanya vanishi igande vibaya na kukunjamana. Mikono mitatu inayofuata ipake bila kuchanganya, nyembamba, ukipitisha msasa namba 240 kati ya mmoja na mwingine. Acha usiku mzima kati ya mikono. Julai acha hadi saa 24 au zaidi. Ncha za kaunta na mdomo wa tundu la sinki hunywa sana: zipake mara mbili kila unapopaka mahali pengine mara moja.

Chini ya kaunta paka mikono ileile minne. Hapa ndipo fundi atakuambia kwamba hakuna atakayeona. Mbao haijali anayeona. Upande uliofungwa na upande ulio wazi huvuta unyevu kwa kasi tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayoikunja kaunta. Mahali sinki itakapokaa, na pale birika la umeme linapotoa mvuke, ongeza mkono mmoja.

Anayetaka kukata moja kwa moja juu ya mbao bila ubao wa kukatia, atumie mafuta badala ya vanishi: parafini ya maji inayouzwa duka la dawa, ikipakwa mara nyingi hadi mbao iache kuinywa, kisha nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani ya mafuta hayohayo, sehemu 1 ya nta kwa 4 za mafuta. Iyeyushe juu ya sufuria ya maji ya moto, isikae juu ya moto wenyewe. Uangalie mkebe vizuri, maana mafuta ya taa pia huitwa parafini na hayafai kabisa. Mafuta ya kupikia nayo usiyatumie. Huchacha na kunata. Hii ni njia nzuri, ila inadai kupakwa upya kila mwezi kwa mwaka wa kwanza, na karibu na sinki haizuii maji kama vanishi. Ukichagua mafuta ya kitani, vitambaa ulivyotumia usivikunje na kuvitupa kwenye ndoo: hujipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke, au vitumbukize kwenye maji.

Kufunga

Hakikisha kabati liko sawa kwa pimamaji, kwa urefu na kwa kina. Kaunta ikilazwa juu ya kabati lililoinama itajaribu kufuata umbo lake. Kama chini ya kaunta ni ukuta wa mawe au slabu ya zege, usilaze mbao moja kwa moja; funga mirunda midogo ya inchi 2 kwa 1 iliyopakwa vanishi, juu ya ukanda wa plastiki, ili hewa ipite na unyevu wa zege usipande.

Skrubu hupanda kutoka chini, kupitia fremu ya kabati ya milimita 18. Tumia za milimita 40, za chuma kisichoshika kutu, na washa pana. Za chuma cha kawaida zikikutana na unyevu ndani ya mvule au mahogani hutoa doa jeusi linalosambaa. Mbele, toboa fremu kwa tundu la milimita 5, skrubu moja kila sentimita 55 au 60. Nyuma, tundu liwe refu: toboa matatu ya milimita 5 yanayofuatana kuelekea ukutani, uyaunganishe kwa tupa hadi upate mfereji wa milimita 15. Skrubu ikae katikati ya mfereji, kaza hadi washa iguse, kisha rudisha robo mzunguko. Hivyo ukingo wa mbele unabaki pale pale kwenye mstari wa milango, na mwendo wote wa mbao unaenda nyuma. Ukikaza nyuma na mbele, kaunta ikisinyaa itapasuka kwenye kiungo kilicho dhaifu zaidi, na mpasuko wa namna hiyo hauzibiki.

Kama umejenga wakati wa mvua, milimita 3 za mwanya nyuma zinatosha. Kiangazi acha 6 hadi 8. Vigae vya ukutani vishuke mbele ya mwanya huo na kuishia milimita 2 au 3 juu ya kaunta, na nafasi hiyo ijazwe silikoni. Simenti ya vigae itapasuka msimu wa kwanza wa mvua.

Vanishi ikikaa siku saba, tia sinki. Pitisha mstari mzima wa silikoni isiyoota ukungu kuzunguka tundu, shusha sinki, kaza vibano vya chini kidogo kidogo kwa zamu, futa kinachotoka, acha saa 24 kabla ya maji. Kisha fungua bomba, jaza sinki, iachie, uingize mkono chini na kitambaa cha karatasi ukiguse kila kiungo cha bomba na mzunguko wote wa mdomo. Karatasi inaonyesha unyevu ambao kidole hakiuhisi. Rudia baada ya wiki moja.

Jiko la gesi linalosimama lenyewe liachie nafasi pande zote kama kitabu chake kinavyosema. Jiko la makaa lisiwekwe juu ya kaunta hata likiwa juu ya bati. Sufuria iliyotoka motoni ikae juu ya kitu.

Karai au kisu cha chuma kikiachwa na maji juu ya mbao, alama nyeusi itaonekana kufikia asubuhi. Chuma, maji na tanini ya mbao ndiyo husababisha hilo. Msasa huchukua sehemu ya juu tu ya doa. Ondoa vanishi mahali hapo, paka asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya vuguvugu ukiwa umevaa glavu na miwani, subiri doa lipauke, suuza mara kadhaa kwa maji safi, acha ikauke siku mbili, kisha msasa namba 180 na vanishi upya kuanzia mkono uliochanganywa na tapentaini.

Mwaka ukigeuka, ondoa kila kitu chini ya sinki uangalie kwa tochi. Vanishi iliyopauka au kuinuka pembeni mwa tundu, ikwangue na kuipaka wiki hiyohiyo, kabla mvua hazijaanza.